Spoku Tisa

Alitokea upande wa Dodoma, jua la utosi,
akiikokota baiskeli kama mtu anayemrudisha mlevi kwao.
Mwezi wa tisa, mwaka wa sitini na nane.
Upepo wa Haneti ulikuwa umeshamvika vumbi letu,
ukamfanya mwenyeji kabla hatujamkaribisha.

Kaarina, akasema, akijigonga kifua. Ufini.
Mwalimu Chidumizi akaitafuta Ufini kwenye ramani ya darasa la nne,
akaikuta juu kabisa, pale karatasi ilipoliwa na mchwa.

Baba hakumtazama mgeni. Alitazama gurudumu la nyuma:
limepinda kama ungo uliokaliwa,
spoku tisa zimekatika, zinaning'inia kama ndevu za beberu.
Kidole cha mgeni kilitambaa: ncha ya bara, Mbeya, Iringa, Mtera,
kikapumzika kwetu,
kikaendelea bila sisi mpaka Misri.

Kwetu baiskeli ilikuwa na kazi.
Ilibeba uwele kwenda mashineni,
ilibeba wenye uchungu kwenda misheni,
na jogoo wa mgeni, kichwa chini, kwenye usukani.
Ya huyu ilibeba blanketi lake mwenyewe
na sufuria isiyotosha uji wa mtoto.
Mama akauliza, "Anakwenda msiba wa nani?"
Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kitabu.
Mgeni akacheka, kisha akaacha kucheka.
Hakuna aliyekufa, akasema.
Mama hakuamini. Akampa ugali na mlenda,
akampa na pole.
"Aiweke. Ataikuta kazi yake huko mbele."

Dukani kwa Ratansi kulikuwa na sabuni, chumvi, na kalenda.
Spoku hakuna.
Baba akaenda nyuma ya tembe,
akaipindua Raleigh yake miguu juu, kama mbuzi wa kuchinjwa,
akachomoa tisa,
akizihesabu kwa Kigogo, polepole, ili zisishtuke.
Zilizidi unene wa ukucha. Akazipiga tupa.
Usiku kucha tupa ililia
na mgeni alilala kando ya zizi, ng'ombe wakimpumulia.

Asubuhi baba alikataa hela.
Alitaka kupanda.
Akakunja suruali, akaenda na ile ya gia kumi mpaka korongoni,
akageuka, akarudi anatabasamu kwa upande mmoja.
Ndiyo ng'ambo aliyowahi kufika.

Tangu hapo Raleigh ilichechemea, spoku thelathini na moja.
Ukimuuliza, anasema, "Zile tisa ziko safarini."
Na jioni, akipuliza chai:
"Sasa zimefika Sudani. Huko mchanga mwingi. Zitasumbuka."

Halafu tukahamishwa sisi.
Mwaka wa sabini na moja, lori la Operesheni,
mlango, kinu, kuku,
na baba katikati, ameikumbatia baiskeli.
Maili nne tu.
Mama alilia kama anapelekwa Misri.

Kadi ilitufuata huko, imechoka, pembe zimeliwa.
Picha ya ziwa na miti myeupe.
*Fundi, Haneti, njia ya Kondoa.*
Mwalimu akasoma maneno ya kamusi:
*Gurudumu mzima. Spoku tisa mzima.
Mimi mzima. Mama yangu kufa.
Mimi fika nyuma.*

Hakuna aliyesema kitu. Kuku aliingia, akatoka.
Mwalimu, kwa mazoea tu, akatoa kalamu nyekundu asahihishe ngeli.
Baba akamshika mkono.

Mama alikuwa amekwisha kuichukua kadi,
ameigeuza upande wa ziwa,
anaipangusa vumbi kwa khanga,
pale pale palipo safi.
"Pole yake nilimpa," akasema. "Sijui kama ilitosha."